Bahasha Msibani

Jamani, leo nimekwenda msibani na bahasha ya vyeti vyangu ndani ya koti.

Najua. Nisemeni tu.

Nina shahada ya uzamili ya hisabati, na mwaka wa sita huu nauza vocha Maganzo. Juzi nikasikia mkufunzi wa hisabati wa chuo kimoja huku amefariki. Mkuu wa chuo angekuwepo mazikoni, Mhunze. Nikapanda gari.

Tulipomaliza kuzika, nikaingia kumpa pole mjane.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Mkono wangu hakuuachia. "Wewe ni wa nne leo."

"Wa nne kutoa pole?"

"Wa nne mwenye bahasha."

Kumbe kona yake ilikuwa inachungulia kotini; nikaisukuma ndani. Lakini hakukasirika. Alinitengeneza kola, taratibu.

"Marehemu naye kazi aliipata hivihivi, kwenye msiba wa aliyemtangulia. Shati nilimpigia pasi mimi."

Akanitazama kifuani.

"Lilikuwa jeupe kama hili. Ndilo tumemzika nalo."

Bahasha nilimpa mkuu wa chuo hivyohivyo. Amepiga simu sasa hivi: kesho niende.

Mke wangu ameshalifua shati. Anawasha pasi.

Nimzuie?