Nilimsingizia Wifi Yangu Upupu, Kumbe Ni Pamba ya Paa

Kosa ni langu. Naanza hapo kabisa, usije ukanihurumia bure. Hakuna aliyenituma. Ni mimi na hii roho yangu ya kushuku kila mtu!

Tunaishi mtaa wa Ziwani, vyumba viwili vya mabati nyuma ya nyumba kubwa. Kama umewahi kuishi chini ya mabati matupu unanielewa. Mchana unaokwa kama mkate. Ikifika Julai, asubuhi mabati yanatoa jasho, matone yanakuangukia kitandani. Binti yangu mchanga hakuwa anakosa mafua.

Mume wangu ni dereva huko Industrial Area. Alisema tungoje kidogo, tununue ile karatasi nene yenye foili, halafu tupige dari ya plaiwudi chini yake. Tungoje! Mimi nikaanza kujiuliza, tungoje nini? Ama kuna nyumba nyingine anaezeka mahali?

Basi nikajifanya mjanja. Nikaenda mwenyewe nyuma ya maghala ya huko Industrial Area, nikapata jamaa anauza pamba ya glasi, ile ya nyuzi za kioo za kuzuia joto. Rangi ya manjano, imechakaa, ilitolewa kwenye oveni kuukuu ya kiwanda.

"Mama, hii ilikuwa inazuia moto wa oveni," akaniambia. "Itashindwa na jua la Ziwani?"

Nikacheka. Nikabeba.

Nyumbani alikuwepo wifi yangu, dada ya mume wangu. Nimwite Mbula, si jina lake. Alitoka kwao Ukambani kuja kunisaidia na mtoto, na akina mama wa ploti walikuwa wanamlipa awaangalilie watoto wao wakienda kazini. Watoto walimpenda, haki!

Akaishika ile pamba, akajipangusa mkono kwa leso. "Wifi, hii inapukutika. Utaifunika na nini?"

"Magunia," nikamjibu.

"Magunia yana matundu. Si ungemngoja kaka tu?"

Nikamwangalia. Moyoni nikasema, huyu na kakake lao ni moja. Hawataki nionekane nimetengeneza nyumba.

Fundi akaipachika chini ya mabati, akashikilia na magunia. Ilitosha chumba chetu tu. Kwa Mbula haikufika.

Joto likapungua, sidanganyi. Nilitembea nikijisifu ploti nzima!

Halafu kuwashwa kukaanza. Shingo, mikono, mgongo. Mume wangu anajikuna, mimi najikuna, mtoto analia akisugua macho mpaka yanakuwa mekundu. Nikabadilisha sabuni. Nikaanika godoro. Wapi!

Sasa sikiza akili yangu ilivyotembea. Mbula hajikuni. Mbula ndiye anafua nguo zetu. Mbula alikuwa ameenda kwao kusalimia, akarudi juzi na mfuko ambao sikuona ndani. Na huko kwao upupu unaota kwenye vichaka, kila mtu anajua. Nikasema ndio huyu!

Nikaanza kumchunguza. Akianua nepi, niko dirishani. Akienda dukani, napekua mfuko wake. Nilipata mbaazi na sweta. Hata hiyo haikunitosha. Nikasema ameshaumwaga.

Siku moja nikamkuta mferejini na akina mama wengine, anasuuza shuka zetu. Nikamnyang'anya.

"Umeniwekea nini kwa nguo? Sema mbele ya watu!"

"Niweke nini, wifi?"

"Upupu! Unataka kuua mtoto wangu!"

Mama mmoja akamvuta mtoto wake kutoka mgongoni mwa Mbula. Akamvuta hivi, haraka, kama anaungua. Mbula aliona. Alikausha mikono, akachukua mfuko wake, akaenda kwa rafiki yake Majengo.

Mume wangu aliporudi alikaa chini. "Umemfukuza dadangu kwa sababu ya kujikuna?" Nikamwambia anamtetea kwa sababu anajua kitu. Yesu wangu, mdomo huu!

Mbula akaenda, kuwashwa kukabaki. Nikafua kila kitu upya kwa mkono wangu. Tukaendelea kujikuna.

Ni jua lililonionyesha. Alasiri moja nilikuwa nimemlaza mtoto, mwanga ukaingia kwa tundu la msumari kwenye bati la ukutani. Kwenye ule mwanga nikaona vitu vinashuka. Vijinyuzi vidogo vinameta, taratibu, vinatoka kwa magunia, vinatua kwa blanketi. Kwa uso wa mtoto.

Nilimnyakua nikatoka mbio. Kliniki walimwosha macho. Jicho moja bado linatoa machozi upepo ukivuma.

Nilienda Majengo. Mbula hakunikaribisha ndani. Nikaongea nikilia, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Nikamwambia. Akasema, "Nimekusikia, wifi." Akafunga mlango pole pole.

Pale mferejini pia nilienda, nikawaambia akina mama wote kwamba nilidanganyika, Mbula hana hatia. Wakaitikia, "Sawa, mama, pole." Lakini hakuna hata mmoja aliyempelekea mtoto tena. Sasa anafua nguo za watu. Juzi alipita kumwona kakake, nikasikia mtoto wa jirani akiitwa ndani, "Kuja hapa, ni yule wa upupu!"

Ndugu yangu, kama unataka kupoza nyumba yako, usinunue kitu kilichong'olewa mahali hupajui. Uliza kinapukutika? Kitafunikwa na nini? Kama huna dari ya kukifunika, vumilia joto. Na ukianza kuwashwa, tafadhali, kagua nyumba yako kabla hujataja jina la mtu.

Ile pamba tuliitoa kwa siku moja tu. Ile kelele niliyopiga mferejini, sijui nianze kuitoa wapi.