Baridi Iliyomvua Mwenzake Shati

Hana glavu nzima, hana koti la saizi yake, hana mkataba, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havina ncha. Woga nao, wanasema wenzake, alisahau kupewa.

Ni asubuhi. Mpakiaji huyu wa samaki, ambaye kiwandani wanamwita Mama Chuma, anatoka na toroli kwenye chumba cha kugandishia. Kabla mlango haujafungwa, anagonga ukuta kwa nguvu.

"Nani yumo?"

"Samaki tu, mama, na hawalalamiki!" anajibu mlinzi wa mlango.

Mwezi uliopita hakuna aliyeuliza. Fundi wa mashine, mtu wa mizaha, alifungiwa humo na kitasa cha ndani kilikuwa kimeganda. Walimkuta amekufa, koti na shati kavitupa kando. Meneja akasema fundi alikuwa amelewa. Nani mwenye akili zake huvua nguo kwenye barafu?

"Mimi nilivua," anasema Mama Chuma.

Naye aliwahi kufungiwa humo. "Unatetemeka mpaka meno yanagongana. Halafu kutetemeka kunakoma, ulimi unakuwa mzito, na ghafla joto linakupanda kama umekalia jiko. Waliponitoa nilikuwa nafungua vifungo."

Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Vikatoka malengelenge, vikawa vyeusi, hospitali ikavikata.

Daktari aliyempasua fundi aliieleza familia kwamba hakukuta pombe. Alikuta mabaka mekundu magotini na kwenye viwiko, na madoa meusi ndani ya tumbo: alama ambazo baridi kali huweza kuacha. Hata hivyo, meneja alimletea Mama Chuma maelezo yaliyokwisha kuchapwa, kwamba fundi alinuka pombe.

"Weka sahihi, mama, ufanye kazi yako kwa amani."

"Kazi nitapata nyingine," alimjibu. "Marehemu jina lingine atalitoa wapi?"

Jioni yuko posta na mjane wa fundi. Amemwandikia mkaguzi wa kazi barua yenye yote aliyoyaona, na kutaka kila mlango wa baridi ufunguke kwa ndani.

"Dada, wakikufukuza je?" mjane ananong'ona.

"Wanifukuze mchana, watu waone."

Analowesha gundi kwa ulimi, anaibana bahasha kwa kiganja.

"Ya kawaida au rejista?" anauliza karani.

"Rejista, baba. Wasije wakasema haikufika."

Karani anagonga mhuri na kuitumbukiza ndani ya mfuko wa barua.