Moshi Mweusi Kati ya Koboko na Arua

Mama alishukia Aroi, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akashika kifua, akasema hapandi tena. Tulikuwa tumetoka Koboko asubuhi kumpeleka hospitali ya Arua kwa ajili ya pumu yake, na ulibaki mwendo mfupi tu kuingia mjini. Nyuma yetu moshi mweusi ulikuwa bado umetanda juu ya barabara kana kwamba tumechoma shamba la mtu. Ndani ya gari kulinuka petroli tupu, maana sakafu ya pikapu ile ilikuwa imeliwa na kutu, na kila kilichotoka chini kilipanda juu.

"Mama, tumekaribia," nikamwambia.

"Nimekaribia mimi," akajibu kwa pumzi iliyokatika. "Nyinyi nendeni."

Alimalizia safari kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kukodi. Dawa alipata. Lakini aliporudi nyumbani alitangaza kwamba zikiisha hizo hatafuata nyingine, kwa sababu lori lina vumbi, basi halina saa, na gari la mwanawe lina sumu. Atakufa kitandani kwake, ambako angalau hewa ni ya bure. Mama hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa ametembea kwa miguu hadi Sudan wakati tulipokimbia vita, akatembea tena wakati wa kurudi. Akisema hatoki, hatoki.

Kwa hiyo nilipaswa kuliponya gari kabla dawa hizo hazijaisha. Nilikuwa mwalimu mwenye shahada ya historia, elimu inayokufundisha kueleza kwa nini mambo yameharibika, si kuyatengeneza. Niliyojua ni kwamba injini inakunywa petroli kupita kiasi. Plagi zilitoka nyeusi, zimevaa masizi makavu kama sufuria ya kuni. Tangi lililotosha kwenda na kurudi sasa halikutosha kwenda.

Dereva alikuwa mjomba, mdogo wake mama, askari wa zamani. Gari nilinunua mimi, tena likiwa limetumika na watu nisiotaka kuwafikiria, lakini mwenyewe hasa alikuwa yeye. Kwake kosa halikuwa la gari.

"Gari iko mzuri," alisema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Petroli ya Zaire ndiyo mbaya. Watu nachanganya na mafuta ya taa."

Arua nzima ingemuunga mkono. Miaka ile petroli yetu ilivushwa kutoka Zaire, ikauzwa kando ya barabara ndani ya chupa na madumu, na kila ugonjwa wa gari, pamoja na breki na taa, ulisemekana umetoka humo. Nikaenda kuomba petroli safi kwa rafiki aliyekuwa na njia zake. Tukajaza. Moshi ukatoka mweusi vilevile, ila sasa ulikuwa wa hali ya juu.

Tukaenda gereji ya Arua. Fundi akatazama choki ya kubania hewa, akaona haijakwama. Akafungua kabureta, petroli na hewa zinapochanganyikia, akaisafisha, akapima boya lake, akafunga. Injini ikanguruma vizuri, moshi hakuna. Nikafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Kabla hatujafika mbali, moshi ukarudi. Tukageuza gari. Fundi akafungua tena, injini ikapona tena mbele ya macho yake, akaanza kunitazama mimi. Safari ya tatu alimuuliza mjomba, bila kushusha sauti, "Huyu mwalimu wenu anakanyagaje mafuta?"

"Iko mguu ya kalamu," mjomba akasema, wakacheka wote wawili. Mimi hata sikuwa nimeendesha.

Nilichoka. Nilichoka na vicheko, na harufu ya petroli kwenye mashati niliyovaa darasani, na kuhesabu vidonge vya mama kwa macho kila nilipokwenda kumsalimu. Nikakaa kwenye tairi bovu nikaangalia fundi akifanya kazi ileile kwa mara nyingine. Ndipo nikaona kitu nilichokuwa nakitazama siku zote. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi, na mapajani amepakata kopo la chujio la hewa, kama mgeni aliyeshika kofia yake. Kila fundi alipotaka kufika kwenye kabureta, mjomba alilitoa mwenyewe. Kila fundi alipomaliza na kuridhika, mjomba alilirudisha mwenyewe, akakaza, ndipo tukaondoka.

"Mjomba, hebu liweke, injini ikiwa inawaka."

Akaliweka. Moshi. Nikamwomba alitoe. Ukaisha. Fundi akaacha kucheka.

Ndani ya kopo, chujio lilikuwa limevalishwa kitenge. Si kipande, kitenge cha kutosha kumfunga mtoto mgongoni, kimekunjwa, kimeloweshwa oili. Mjomba hakuona haya hata kidogo. Ukimbizini Sudan alikuwa ameendesha malori kwenye barabara za mchanga, na huko dereva asiyevalisha chujio alizika injini kila msimu. Kila Ijumaa, kabla ya sala, alikifua kitenge kwa sabuni, akakipaka oili mpya, akakirudisha. Vumbi la Koboko lilipozidi, aliongeza mkunjo. Injini ilikuwa inakunywa petroli kwa kukosa hewa.

"Tukivue," nikasema.

"Vua, uone. Karatasi ya chini imepasuka. Vumbi naingia yote, injini nakufa."

Alisema kweli. Chujio la karatasi lilikuwa na tundu la kupitisha dole gumba, na jipya halikupatikana Arua. Fundi alitaja Kampala kwa sauti ya mtu anayetaja peponi.

"Na dada yako?" nikauliza.

Mjomba alikikunja kitenge vizuri kama nguo ya kwenda msikitini, akakiweka chini ya kiti. Tukarudi Koboko kumwonyesha mama.

Mama alizunguka nyuma ya gari, injini ikiwa inawaka, akainama kwenye bomba la moshi akanusa kama anayekagua mchuzi wa mke mwenza. Alikwenda ndani akatoka na kanga yake ya safari. Njia nzima alimgombeza mdogo wake: punguza, kuna shimo, hubebi magunia.

"Iko vumbi, dada."

"Naliona. Funga kioo."

Mimi nilikuwa dirishani, nikisikiliza injini ikivuta vumbi lote la wilaya ndani ya tumbo lake, na nikajua sitaweza kununua nyingine. Kwenye lango la hospitali mama alishuka bila kushikwa mkono, akawapita watu wawili kwenye foleni, akaanza kuwasimulia habari za gari lile, bila kukatika pumzi.