Geji Hukaa Ndani

Taruma la mbao, lile gogo linalolazwa chini ya reli, likipigwa na jua la saa saba mchana hunuka lami na mafuta machafu, na harufu hiyo ikinifikia popote hasira hunipanda kabla sijajua nimemkasirikia nani. Nilizaliwa katika kota za reli, Kilosa, ambako mataruma yaliyochoka yalirundikwa nyuma ya nyumba zetu, nasi tukayafanya viti, ngazi na kuta za banda la kuku. Mama aliyalaani kila siku ya kufua, maana lami yake ikishaingia kwenye nguo haitoki. Baba alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia ya treni, na harufu ile haikumwacha hata siku ya Idi, hata akioga mara mbili na kuvaa kanzu iliyopigwa pasi. Watu wengine wakikumbuka utoto wao husimulia maziwa ya moto na hadithi za bibi. Mimi nakumbuka lami, na namkumbuka Salehe, na vyote viwili vimekataa kutoka.

Salehe alikuwa mtoto wa mlango wa pili, baba yake mshika bendera wa stesheni. Tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi au kumi na moja, na tulipenda treni kuliko chakula. Ungetusikia tukiongea usingedhani ni marafiki. Tulikaa juu ya mataruma, treni ikipita tunaihukumu, na tukimaliza kuihukumu tunahukumiana. Mimi nikisema breki imekamata mapema, yeye anasema masikio yangu ndiyo yamechelewa. Yeye akiigiza honi ya kichwa cha treni ya mizigo, mimi namwambia hiyo ni mbuzi anayechinjwa. Kila mmoja alitengeneza treni yake ya makopo, na kila mmoja aliiita ya mwenzake takataka. Aliniita Mwantumu Kutu kwa sababu makopo yangu nilikuwa nayaokota jalalani. Nilimwita Salehe Maneno, na hilo lilimfaa. Mama alikuwa akisema hawa wawili wakipatana mvua itanyesha kiangazi.

Basi likizo moja ya Juni, mahindi yamekwisha kuvunwa na vumbi limeanza kupanda, zikaja habari kwamba baba yake Salehe amehamishiwa stesheni ya Mikumi. Wangeondoka baada ya wiki mbili. Salehe aliniambia huku akitafuna muwa, kama mtu anayesema leo ni Jumanne, na mimi nikamjibu, "Nendeni, mtatupunguzia kelele." Kesho yake asubuhi akaja mlangoni na panga la baba yake, akasema tujenge reli ya kutoka Kilosa hadi Mikumi. Kilosa ingekuwa mlango wa jiko letu, Mikumi ingekuwa chini ya mpapai wao, na mtaro wa maji machafu uliopita katikati ungekuwa mto Mkondoa. Siku yao ya kuondoka, kichwa changu cha kopo la samaki kingetoka Kilosa, kivuke daraja, kifike Mikumi kuchukua mabehewa yake. Hatukuagana kwa mdomo, wala hatukujua watu wanaaganaje. Reli ndiyo ingesema kwa niaba yetu kwamba njia ipo, na isipofika, basi.

Reli zetu zilikuwa fito za mwanzi uliopasuliwa, nene kama kidole, na mataruma yake mabua ya mtama. Magurudumu niliyakata kwenye ndara zilizokwisha, kila moja nikaliwekea upande wa ndani kizibo cha soda kilichotokeza kidogo, ili kishike reli treni isiteleze. Kazi kama hiyo haifanyiki kwa kukisia. Mafundi wa njia wana chuma wanachokiita geji, cha kupimia upana kati ya reli na reli, na Baba hakukubali msumari ugongwe kabla geji haijapita. Nilimwomba anifundishe, akakata kijiti cha mwanzi kirefu kama shubiri yake, akachuchumaa na kukipenyeza katikati ya fito zangu mbili mpaka kikagusa huku na huku. "Geji hukaa ndani, mwanangu," akasema. "Gurudumu hushikia ndani. Ukipima nje umejidanganya." Kijiti kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo asubuhi nilikitumia mimi, mchana nikampa Salehe. Nilimwambia kipimo ni hiki. Neno la ndani na nje halikunijia, na hapo sikuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianza siku ya pili. Nilivuka mtaro kwenda kuazima kisu, nikamkuta ameinama, ameweka geji juu ya fito, ncha zake zimelingana na kingo za nje. Niliona palepale. Reli zake zilikuwa zimebanana kuliko zangu, kila upande kidole kimoja, na kichwa changu kisingeweza kupita. Nilifungua kinywa nimwambie. Kabla sijasema akaniangalia, uso wote unacheka, akasema, "Huko Mikumi tutaona tembo wakivuka reli, na twiga. Nyie huku mna nini? Mafuriko tu." Nikafunga kinywa. Nikachukua kisu nikarudi Kilosa yangu, nikaendelea kupigilia fito, na kwa siku kumi nilimwangalia akijenga upuuzi wake kwa juhudi kubwa, akiimba. Sikuwahi kumchukia mtu namna ile. Alikuwa anaondoka na alikuwa anafurahi, na nilitaka aaibike mbele ya watu.

Siku ya kuondoka watoto wa kota zote walijaa uani. Mizigo yao ilikuwa imefungwa kibarazani, na baba yake alipita kutuaga. "Shikamoo, baba," tukasema sote, naye akaitika marahaba akatuambia tufanye haraka na reli yetu, treni haimngoji mtu. Niliweka kipande cha mwisho, daraja la kuvukia mtaro, kwa kipimo changu. Upande wa pili ncha hazikukutana. Salehe akajishika kichwa. "Mbona zako zimepanuka?" akauliza. Nikamwambia aiulize mikono yake. Akapinda fito, akakanyagia udongo, akasema itapita tu, iachie. Nikaiachia. Kichwa kilishuka vizuri kutoka mlangoni, kikavuka daraja huku watoto wakipiga makofi, kisha vizibo vikagonga ncha za reli za Mikumi, kikapanda juu, kikalala ubavu, kikatumbukia kwenye maji machafu. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka kuliko wote. "Fundi Maneno!" nikapiga kelele. "Hata kupima hajui, halafu anakwenda kuona twiga!"

Hakulia. Alisema geji yangu ni ya uongo, kwamba nilimpa kijiti kibovu makusudi. Nikamwambia mjinga hakosi cha kusingizia. Akakiokota kile kijiti kwenye udongo, akakitia mfukoni, akaenda stesheni nyuma ya wazazi wake bila kugeuka. Nilimfuata mpaka kwenye uzio nikimwita mwizi wa geji. Ndilo neno la mwisho nililomwambia kwa mdomo. Jioni Baba alipita uani, akatazama reli ya kwangu, akatazama ya ng'ambo, akaniuliza kama nilimwambia mwenzangu kwamba geji hukaa ndani. Nikasema nilimwambia. Akaingia ndani kula.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta wangu niliujenga kwa miaka zaidi ya arobaini. Leo nina wajukuu, na bado natengeneza treni, safari hii za bati na mbao laini, na si peke yangu. Kuna kundi la simu la sisi tulioharibikiwa na ugonjwa huu, kutoka Morogoro mpaka Tabora, na Salehe yumo, bado anaishi Mikumi. Hatujaonana tangu siku ile. Tunaandikiana mbele ya watu, na tunachoandikiana ni matusi. Nikituma picha ya kichwa nilichokipaka rangi wiki nzima, anauliza kama hiyo ni treni au jiko la mkaa. Akituma mabehewa yake, namwambia nilidhani ni majeneza. Vijana wa kundi hutuma vikatuni vya kucheka na kusema wazee hawa wanapendana. Hawajui wanachokicheka. Kila ubishi wetu ukikolea huandika mstari uleule, kwamba mtu wa Kilosa asiaminiwe kipimo, nami humjibu kwamba mwizi wa geji anyamaze.

Mwezi uliopita aliuliza swali kwenye kundi. Alisema anajenga kipande cha stesheni ya Mikumi kama ilivyokuwa, na anaomba kujua, hivi geji hupimwa ndani au nje? Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Mzee mzima, amejenga treni maisha yake yote kwa kubahatisha, na hajawahi kupata mtu wa kumwambia. Nikaandika, "Ndani." Akajibu hapohapo, "Ungesema."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitoka kwenye kundi nikamwandikia pembeni, kwa mara ya kwanza, kwamba niliona tangu siku ya pili, nikiwa nimekuja kuazima kisu, na nikanyamaza makusudi kwa sababu alikuwa anacheka. Siku ya tatu ikaja picha. Reli mbili mpya za mwanzi, na katikati yake, ndani, kimekaa kijiti cheusi kwa uzee, urefu wa shubiri ya baba yangu. Chini ameandika: "Lete kichwa chako. Kikianguka safari hii, ujue ni ubovu wako."

Hapa Kilosa treni ya umeme hupita siku hizi kwa kishindo kidogo tu, na mataruma yake ya zege hayanuki kitu. Reli yake ni pana kuliko ile ya zamani. Zinakwenda jirani, lakini treni ya huku haiwezi kupanda kule, na hakuna anayeona ajabu. Njia ya kwenda Mikumi imeota majani, kwa hiyo nitakwenda kwa barabara. Begi langu lipo mlangoni tangu Ijumaa, na ndani yake mna kopo la samaki lenye magurudumu manne ya ndara. Nimeyapima mara tatu. Mwanangu ananiuliza ninangoja nini, nami namwambia asinisumbue, kwa sababu sijui nitamwambiaje kwamba mama yake, mtu mzima, anaogopa kuvuka mtaro.