Mafuta ya Figoni

Mbwa wa dada yangu alipangiwa chakula na daktari wa mifugo, nami nikaona upuuzi sasa umehamia Bugomora, kijijini kwake. Daktari alimtoa damu, ikatulia kwenye kichupa, na maji yake ya juu yakawa meupe kama maziwa. Mafuta yamezidi kwenye damu, akasema. Tangu hapo dada, mjane anayeishi na mbwa huyo tu, akawa mtumwa wa sufuria. Alichemsha nyama isiyo na mafuta, akaiacha ipoe, akaengua utando uliogandia juu, kisha akaichanganya na boga na wali kidogo. Kipimo kilekile, asubuhi na jioni.

Mimi ni wa Bweranyange. Kwangu mbwa hula makombo na mifupa, tena akibahatika. Nilipomkuta dada ameinama na kijiko akimwengulia mbwa mafuta, nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Shikamoo dada. Mgonjwa umeshamtandikia kitanda?"

"Marahaba. Cheka, ila usimpe kitu. Daktari kasema mafuta yanaweza kumuua."

Nilimdharau daktari, nikamdharau mbwa, na dada, Mungu anisamehe, nilimdharau zaidi.

Sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake ilifanyika pale kwake, na mimi ndiye niliyechinja mbuzi. Kwetu mchinjaji humtupia mbwa chake kabla nyama haijaingia jikoni, asije akasumbua wageni. Wanaume walikuwa wamesimama wakinitazama. Nani angekubali kuitwa mchoyo kwa sababu ya mbwa? Nikampa mafuta ya figoni, yote, nikamwambia naye ale sikukuu.

Kesho yake mbwa alikuwa anatapika, mgongo umepinda, hataki kuguswa tumbo. Daktari alikuja siku tatu mfululizo kumchoma sindano na kumtundikia maji. Dada alikaa naye sakafuni, akimpangusa mdomo. Mwishowe nilisema mwenyewe, na sauti yangu niliichukia.

"Nilijua," akasema. "Wewe ulinawa mikono. Yeye mdomo hakunawa."

Mbwa alipona. Siku hizi nikifika, dada ananiitikia marahaba, ananipa kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine yeyote, kisha anamwita mbwa na kumfungia ndani mpaka niondoke. Majirani wanadhani mbwa amekuwa mkali. Dada hajawasahihisha.