Spana Alipoulizwa Alianza Lini Kuamini

Mshonaji yule walimwita Mama Pindo, maana nguo haikutoka mikononi mwake pindo likiwa limelegea hata uzi mmoja. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, na kwa miaka sita ilikuwa ndiyo kimbilio lake, kwani baba yake mzazi na mume wake hawakuketi tena chumba kimoja.

Ugomvi ulianzia mezani, Jumapili moja baada ya ibada. Baba yake, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la ubatizo tangu nywele zake zingali nyeusi, alisema mtu huamini kwanza, ndipo Mungu humzaa upya.

"Hodi ikibishwa, mwenye nyumba ndiye hufungua mlango."

Mumewe, mwashi na mzee wa kanisa, akaweka kijiko chini. "Baba, kwa heshima zote, maiti haifungui mlango. Mungu asipomfufua kwanza, hiyo imani ataitoa wapi?"

"Kwa hiyo tunawahubiria maiti?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo maana tunaomba sana."

Wangeishia hapo, pangekuwa salama. Lakini neno likatoka mezani likaingia kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na kikao kikaamua mwalimu apumzishwe. Mwashi alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Baba mtu akakabidhi ufunguo wa darasa, akahamia kanisa la ng'ambo ya barabara. Tangu hapo Mama Pindo akawa mguu huku, mguu kule: Jumapili hii kwa mume, ijayo kwa baba. Majirani walimtania, naye alicheka nao. Akirudi nyumbani alishona kwa hasira mpaka sindano zikavunjika.

Asiyekuwa na kanisa lolote ni mdogo wake, makanika, waliyemwita Spana. Ukimwalika ibadani alijibu kwamba Mungu akimtaka anajua gereji ilipo. Dada yake alimwombea miaka ishirini, hata maneno yakamwishia, akabaki kutaja jina la mdogo wake tu.

Basi asubuhi moja Spana akasimama pale mlangoni kama mgeni, mafuta meusi mpaka kwenye viwiko.

"Dada, nataka kubatizwa."

Mguu wa Mama Pindo ukaganda juu ya kikanyagio. "Unanitania?"

"Sikutanii. Na nataka baba na shemeji wawepo wote wawili. La sivyo, sibatizwi."

Jumamosi wakakutana sebuleni. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Basi, hakuna la ziada. Mzee alikaa karibu na mlango, kofia mkononi.

Mwashi akakohoa. "Shemeji, tueleze. Ulianza lini kuamini?"

"Sijui."

"Hujui?" waliuliza wote wawili kwa mpigo.

"Nilikuwa chini ya lori, nahangaika na boliti iliyoshika kutu. Nikasikia mtu anaomba. Kumbe ni mimi. Nikajikuta tu nimeshaingia."

"Umesikia, Baba? Alijikuta! Si yeye aliyeanza."

"Na aliyekuwa anaomba ni nani? Si yeye mwenyewe?"

Mama Pindo akapiga meza ya cherehani kwa kiganja. "Hebu acheni! Mtoto akizaliwa, nani humuuliza kama alilia kwanza au alipumua kwanza?"

Kisha mwashi, kwa sauti ndogo: "Alipumua kwanza. Bila pumzi halii."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Spana naye akaangua kicheko, na mwishowe hata Mama Pindo, machozi yakimtoka asijue ni ya nini.

Walipotulia, mwashi akainamisha kichwa. "Baba, msimamo wangu sijauacha. Lakini ule mkono nilionyoosha kikaoni, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Wangu nami sijauacha," mzee alisema. "Ila nilikuwa nimekukumbuka, mwanangu."

Darasa hawakumrudishia; wazee wawili walikataa katakata. Kwa hiyo Spana alifundishwa palepale sebuleni, mwalimu akiwa baba yake, mwashi akiketi pembeni huku anauma midomo. Somo la kuzaliwa upya lilipofika mwashi alishindwa kujizuia, akatia neno, na mzee akamjibu mpaka chai ikapoa.

Siku ya ubatizo Spana aliibuka majini akikohoa, na mzee akaitikia "Amina" kabla mchungaji hajamaliza. Wengine wakaanza kuimba. Mama Pindo akasimama tu kati ya baba na mume, amemshika kila mmoja mkono.