Kimea katika Uji

Vita vilipofunga barabara ya Beni, sukari ilipotea madukani Butembo. Wakati huo nilikuwa nikifundisha kemia. Mama mmoja wa kwaya, aliyekimbia kutoka Kalunguta, alikuwa amepewa chumba kwenye ua wetu pamoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa ametoka kuugua. Uji mzito haukumpita kooni, na ule mwepesi haukumpa nguvu. Alizidi kukonda mgongoni mwa bibi yake.

Shuleni nilikuwa na unga wa kimea, yaani ulezi ulioachwa uote, ukakaushwa na kusagwa. Niliutumia kuwaonyesha wanafunzi maltozi, sukari inayozaliwa nafaka inapochipua. Ukiichemsha pamoja na dawa ya buluu yenye shaba, buluu hugeuka nyekundu kama tofali. Nikampelekea mama bakuli la unga ule, nikamwambia autie katika uji.

Akaunusa. "Mwalimu, hii ni ya kutengeneza pombe. Miye niko mama wa kwaya."

"Pombe inaomba chachu na siku za kungoja, mama. Hapa ni uji tu."

Akaupokea, akaingia nao ndani. Jioni nikakuta uji ungali mzito, na mtoto ameugeuzia uso.

"Ulitia ule unga?"

"Nilitia. Lakini nilianza kuuchemsha peke yake, sana, pombe ikufe."

Nilimwelewa. Nikaketi karibu na jiko lake la makaa.

"Ndani ya kimea kuna kitu kinachokatakata wanga wa uji, kinaufanya maltozi. Moto mkali unakiua. Kikifa, nani atafanya kazi?"

"Kumbe niliua mufanyakazi," akasema. "Lakini, na pombe je?"

"Uji ukishalegea, utauchemsha tena vile unapenda."

Akapika uji mwingine, akauepua, akangoja mpaka kidole kivumilie joto lake. Akanyunyiza unga, akakoroga polepole. Mwiko uliokuwa ukisimama wima ukaanza kulala. Akaurudisha uji motoni, akautokosa kupita kiasi. Nikamwacha.

Ulipopoa akaonja. "Iko tamu. Nani alitia sukari?"

"Imetoka katika uji wenyewe."

"Pasteur wetu wa kanisa asikuje kunusa sufuria yangu," akasema, akampelekea mtoto kijiko.

Mtoto akameza. Akakaa kidogo, kama anayesikiliza tumbo lake, kisha akafungua mdomo kabla kijiko hakijarudi.